Shajara ya mradi: mtetemo na infrasauti katika kukadiria kina cha mlipuko wa chini ya ardhi

Wiki ya 1: swali lenyewe

Mlipuko ukitokea chini ya ardhi tunataka kujua mambo mawili: ulikuwa na nguvu kiasi gani, na ulizikwa kina gani. Mitetemo ya ardhini hujibu la kwanza vizuri na la pili vibaya. Modeli ya Mueller na Murphy ya 1971, ambayo bado ni msingi wa hesabu nyingi za fani hii, inasema kwamba kimo cha mawimbi ya frikwensi ya chini hufuata nguvu ya mlipuko kwa kipeo cha 0.87, na hupungua kwa kina kwa kipeo cha 0.33. Sasa zidisha kina mara mbili, nguvu ibaki ileile. Ukubwa unaosomwa vituoni unashuka kwa 0.1 tu. Vituo viwili vinavyosikiliza tukio moja hupishana zaidi ya hapo kwa sababu ya miamba iliyo chini yake tu. Ukiigeuza hesabu hiyo, mlipuko uliozikwa mara mbili zaidi unahitaji nyongeza ya nguvu ya asilimia 30 tu ili uonekane sawasawa na mwenzake wa juu. Hapo ndipo mtetemo unapofika mwisho wake.

Mradi unaingiza shahidi wa pili, yaani hewa. Mlipuko uliozikwa huurusha uso wa ardhi, uso nao huisukuma hewa iliyo juu yake. Sehemu kubwa ya sauti hiyo iko chini ya Hz 20, ambako sikio la binadamu halifiki. Hiyo ndiyo infrasauti. Kazi yetu ni kuona kama vipokezi vya ardhini na vya hewani, vikisomwa pamoja, vinaweza kukitenga kina na nguvu.

Data ni za aina tatu. Za kwanza ni za mfululizo wa milipuko ya kemikali uitwao Source Physics Experiment (SPE), Nevada, Marekani. Awamu ya kwanza ilifanyika kwenye mwamba wa graniti kati ya 2011 na 2016, milipuko sita ndani ya shimo moja la kuchoronga, na data zake ziliwekwa wazi. Za pili ni za majaribio sita ya nyuklia ya Korea Kaskazini huko Punggye-ri, kuanzia 2006 hadi 2017. Za tatu ni za safu yetu wenyewe ya vipokezi, iliyowekwa kilomita chache kutoka machimbo ya mawe yanayotupa saa ya kila mlipuko na mpangilio wa mashimo yake.

Mfululizo wa Nevada una jozi inayolijibu swali letu moja kwa moja. SPE-1 ilikuwa takriban kilo 88 za TNT kwenye kina cha mita 55, na SPE-4' takriban kilo 89 kwenye mita 87. Uzito ni karibu uleule na shimo ni lilelile, kina ndicho kilichobadilika. Kwa vipeo vilivyotajwa juu, kimo cha frikwensi ya chini kinapaswa kupungua kwa asilimia 14 tu kutoka ya kwanza hadi ya pili. Kasi ya uso wa ardhi palepale juu ya mlipuko ni habari nyingine: kwenye mwamba mgumu hupungua kwa kina kwa kipeo cha kati ya 1.6 na 2, kwa hiyo inatarajiwa kushuka hadi nusu au chini zaidi. Tofauti ya asilimia 14 humezwa na mashaka ya vipimo. Nusu nzima haimezwi.

Wiki ya 2 na ya 3: kusafisha rekodi

Kazi hii haina mvuto, lakini ndiyo inayoamua kama matokeo yataaminika. Rekodi mbichi ni namba za dijitaiza, kifaa kinachogeuza ishara ya umeme kuwa namba, si mita kwa sekunde, na kila kifaa kina tabia yake inayopaswa kuondolewa.

Tatizo la kwanza lilikuwa jiofoni, vipokezi vidogo vya mtetemo, za 4.5 Hz. Chini ya frikwensi hiyo usikivu wake huanguka kwa mraba wa frikwensi. Ukitaka kusoma 0.5 Hz umeshuka mara 9, na usikivu umebaki sehemu moja kati ya 81. Programu ya kuondoa tabia ya kifaa haigomi: inazidisha kila kitu kwa 81, ishara pamoja na kelele za umeme za kifaa chenyewe. Matokeo yake ni mawimbi marefu, laini, yanayopendeza machoni, ambayo hayakuwahi kutokea ardhini. Tuliyaona kwenye chaneli tatu kabla hatujashtuka kwamba yapo hata katika dakika za kabla ya mlipuko. Uamuzi: kimo cha frikwensi ya chini kitachukuliwa kwenye seismomita za masafa mapana peke yake, na jiofoni zitatumika kuanzia 3 Hz kwenda juu. Kichujio kinawekwa kabla ya kuondoa tabia ya kifaa, si baada yake.

La pili ni mwelekeo wa kwanza wa wimbi la P, yaani wimbi la mgandamizo linalofika kabla ya mengine. Mlipuko husukuma pande zote, kwa hiyo mwendo wa kwanza kwenye chaneli ya wima unatakiwa uwe kwenda juu katika kila kituo. Tetemeko la kawaida husukuma upande huu na kuvuta upande ule. Kituo kimoja cha safu yetu kilikuwa kinaonyesha kwenda chini kila mara. Hatukukibadilisha kwa kukisia. Tulisubiri tetemeko kubwa la mbali, tukachuja chini ya 1 Hz na kulaza rekodi yake juu ya rekodi ya kituo jirani. Wimbi la tetemeko la maelfu ya kilomita hufika likiwa na umbo moja kwenye vituo vilivyo karibu karibu, na rekodi yetu ilikuwa kama kivuli kwenye maji: umbo lilelile, kichwa chini. Nyaya mbili za jiofoni zilibadilishana nafasi kwenye plagi. Anayeziunga mwenyewe akigonge taratibu kitako cha jiofoni kutoka chini na kutazama skrini kabla ya kufukia.

La tatu ni saa. Dijitaiza isiyoiona GPS huendelea kuhesabu kwa saa yake ya ndani, na saa inayokosea sehemu 10 kwa milioni hupotea sekunde 0.86 kwa siku. Kwa wimbi la P linalokwenda kilomita 6 kwa sekunde, hilo ni kosa la zaidi ya kilomita 5. Sasa kila faili linasomwa alama yake ya ubora wa saa kabla ya kuingia kwenye hesabu, na lisilokuwa na GPS ndani ya saa moja kabla ya mlipuko linawekwa kando.

Rekodi zilizokatwa kichwa kwa kuzidiwa nguvu hatuzifanyii ukarabati. Dijitaiza ya biti 24 inaishia karibu na 8,388,608 kila upande, na mstari ukilala bapa pale juu, kilichopotea hakirudi.

Wiki ya 4 na ya 5: safu ya vipokezi vya hewa

Vipokezi vinne vya infrasauti, kimoja katikati na vitatu kwenye pembe za pembetatu, kila kimoja mita 60 kutoka katikati. Upande wa pembetatu unakuwa mita 104. Sauti inayokwenda mita 340 kwa sekunde huuvuka kwa sekunde 0.306, na kwa sampuli 200 kwa sekunde hizo ni sampuli 61. Kukosea sampuli moja ni kukosea takriban digrii moja ya upande ilikotoka sauti. Wimbi la ardhini la mita 3,000 kwa sekunde linavuka upande uleule kwa sampuli 7. Tofauti ya 61 na 7 ndiyo inayotuwezesha kusema kwa uhakika kama kilichofika kimepita hewani au ardhini.

Upepo ndiye adui mkuu. Mabomba yenye vitundu, yaliyotandazwa ardhini kutoka kwenye kipokezi, hukusanya hewa kutoka sehemu nyingi, na misukosuko ya upepo inafutana yenyewe. Seti ya kwanza tuliikata mabomba manne ya mita 15, kwa kuiga vituo vikubwa vya kimataifa. Lilikuwa kosa. Bomba la mita 15 kila upande ni mita 30 kutoka ncha hadi ncha, na sauti ya 10 Hz ina urefu wa wimbi wa mita 34. Ikija kwa ulalo, kilele kinaingia ncha moja wakati bonde linaingia katikati, na vinafutana kama upepo ulivyofutwa. Vituo vile vimejengwa kwa sauti ya chini ya 1 Hz kutoka mbali. Sisi tunataka 2 hadi 15 Hz kutoka karibu. Mabomba yamekatwa hadi mita 3, yamefunikwa kwa kokoto, na juu yake pamewekwa kuba la wavu wa waya. Kelele za upepo zimepanda kidogo, ishara imerudi.

Ncha za mabomba lazima zizibwe. Ncha moja iliyoachwa wazi inageuka mdomo wa filimbi, na wadudu huingia. Baada ya mvua, kipokezi cha pembe ya kusini kilikuwa kinachelewa na kufifia kwa sababu maji yalijaa kwenye kona ya bomba. Mabomba yanalazwa kwa mteremko mdogo yakitoka kwenye kipokezi, maji yapate pa kwenda.

Kuna jambo moja lililotuchanganya kwa siku mbili. Kipokezi cha hewa kilikuwa kinaonyesha ishara kabla sauti haijafika, sambamba na wimbi la P. Si hitilafu. Ardhi inapotikisika chini ya kipokezi inaisukuma hewa iliyo juu yake papo hapo, na kanieneo inayotokea ni msongamano wa hewa mara kasi ya sauti mara kasi ya ardhi. Ardhi ikienda milimita 1 kwa sekunde: 1.2 × 340 × 0.001, yaani paskali 0.41. Hiyo ni kubwa kuliko sauti yenyewe siku nyingi. Tumegeuza kero hii kuwa kipimo: kila mlipuko wa machimbo, uwiano wa kanieneo kwa kasi ya jiofoni iliyo jirani unatakiwa ukaribie 408. Kipokezi kinachotoa nusu ya hapo kina bomba lililoziba au namba ya usikivu iliyoandikwa vibaya. Hatuhitaji tena kukipeleka popote ili kukikagua.

Wiki ya 6: mlipuko au tetemeko

Uwiano wa wimbi la P kwa mawimbi ya S, yale ya kukata yanayolifuata, kwenye frikwensi ya juu ndio chombo kikuu cha kutofautisha. Tetemeko ni mtelezo, na mtelezo hutoa S kwa wingi. Mlipuko ni msukumo, kwa hiyo P yake ni nene. Kwa umbali wa mamia ya kilomita, bendi ya 6 hadi 8 Hz inatenga vizuri matukio ya Korea Kaskazini na matetemeko ya eneo lile. Kwa umbali wa makumi machache ya kilomita kituo kimoja hakitoshi kabisa, maana njia moja yenye miamba iliyovunjika inaweza kugeuza P kuwa S nyingi. Wastani wa vituo kadhaa kwenye pande tofauti hurudisha utengano.

Kipimo cha zamani, cha kulinganisha ukubwa wa mawimbi yanayopita ndani ya ardhi na ule wa mawimbi ya juu ya ardhi, tumekiweka pembeni. Majaribio ya Punggye-ri yalitoa mawimbi ya juu ya ardhi makubwa kuliko ilivyotarajiwa na yakakaribia mstari wa matetemeko. Ni onyo zuri kwa anayetaka kutegemea namba moja.

Machimbo yana saini yao. Mashimo hayalipuliwi pamoja bali kwa zamu, na pengo la milisekunde 42 kati ya shimo na shimo huacha mistari kwenye spektra, mchoro wa nguvu ya ishara kwa kila frikwensi, kila 23.8 Hz. Pengo la 25 linaacha kila 40 Hz. Sampuli 100 kwa sekunde zinaonyesha vizuri mstari wa kwanza tu wa pengo la 42, wa pili uko ukingoni mwa uwezo wake, ndiyo sababu tulikwenda 200. Lakini saini hiyo inafifia pale vichelewesho vinapokuwa na mtawanyiko: vya baruti hukosea milisekunde kadhaa kila kimoja, vya kielektroniki havikosei hivyo. Kutoona mistari si ushahidi kwamba mlipuko ulikuwa mmoja.

Wiki ya 7: nguvu peke yake, na kwa nini haitoshi

Zoezi la kujipima. Fomula inayotumika sana kwa mwamba mgumu, iliyosawazishwa kwa majaribio ya Kisovieti ya Semipalatinsk, Kazakhstan, ni mb = 4.45 + 0.75 log W, mb ikiwa ukubwa unaosomwa kwenye mawimbi ya ndani ya ardhi na W nguvu kwa kilotani, yaani maelfu ya tani za TNT. Jaribio la 3 Septemba 2017 lilipewa 6.1 na shirika linalosimamia mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia, na 6.3 na idara ya jiolojia ya Marekani. Ya kwanza inatoa karibu kilotani 160, ya pili karibu 290. Tofauti ya 0.2 kwenye ukubwa imekuwa karibu mara mbili kwenye nguvu, na bado kina hakijaguswa, wala tofauti ya miamba ya Punggye-ri na ile ya Semipalatinsk.

Kuna kizuizi kikubwa kuliko kina. Mwaka 1964 jaribio la Salmon, kilotani 5.3, lilifanyika ndani ya chumvi huko Mississippi kwenye kina cha mita 828 na kuacha pango. Mwaka 1966 jaribio la Sterling, kilotani 0.38, lililipuliwa ndani ya pango hilohilo. Mawimbi yake yalipungua karibu mara 70 ukilinganisha na mlipuko uliobanwa na mwamba. Hesabu zetu zinachukulia mlipuko uliobanwa, na hilo limeandikwa juu kabisa ya kila jedwali.

Kwa tukio la 2017 tumehifadhi pia rekodi ya dakika 8.5 baadaye. Mtetemo wa pili, mdogo, uliotafsiriwa kuwa ni mwamba kuporomoka. Kuporomoka huvuta ndani badala ya kusukuma nje. Tunautumia kupima programu yetu ya kusoma mwendo wa kwanza: ikisema matukio yote mawili ni milipuko, ina kasoro.

Wiki ya 8 na ya 9: pistoni, na kosa letu la msingi

Hapa ndipo mradi ulipoyumba, na tunaandika kwa kirefu ili mwingine asipitie njia hiyo.

Uso wa ardhi huisukuma hewa kama pistoni, na kanieneo inayofika kwenye kipokezi hupatikana kwa jumla ya Rayleigh: kila kipande cha uso kinachangia mchapuko wake, ukigawanywa kwa umbali, ukicheleweshwa kwa muda wa sauti kusafiri, na jumla yote inazidishwa kwa msongamano wa hewa juu ya 2π. Chukua duara la ardhi lenye nusu kipenyo mita 50, lirushwe lote kwa mita 10 kwa sekunde mraba. Eneo ni mita za mraba 7,854. Kipokezi kilicho kilomita 1 juu yake kitapata 1.2 × 10 × 7,854 ÷ (6.283 × 1,000), karibu paskali 15.

Wazo letu la awali lilikuwa rahisi: kina kikiongezeka, kasi ya uso inashuka, sauti inashuka, kwa hiyo kimo cha sauti kinatupa kina. Tulisahau eneo. Mlipuko ukizikwa mara mbili zaidi, uso unaotikisika hupanuka pande zote mbili, na eneo linakua karibu mara nne. Kasi inashuka mara 3 au 4, eneo linapanda mara 4, na zao lao halisogei sana. Kwa mwamba unaotenda kama mpira ni hivyo kabisa: ujazo unaoinuliwa juu ya ardhi haujali kina. Jedwali letu la kwanza la kina lilikuwa limejengwa juu ya mchanga, tukalifuta.

Taarifa ya kina ipo, lakini mahali pengine. Kwanza, kwenye mwelekeo. Sauti ya 5 Hz ina urefu wa wimbi wa mita 68. Duara la mita 100 kwa kipenyo ni pana kuliko hapo, kwa hiyo anayesikiliza kwa ulalo anapata mchango wa ukingo wa karibu na wa mbali ukipingana, wakati aliye juu anapata yote pamoja. Sauti inapanda juu, na vipokezi vya ardhini vinapata makombo. Ndiyo maana baadhi ya milipuko ya Nevada ilirekodiwa pia kwa vipokezi vilivyobebwa na maputo. Kina kikubwa, duara pana, makombo machache zaidi.

Pili, na hapa ndipo tulipopata mlango, ni kujitenga kwa tabaka la juu. Wimbi la mgandamizo likigonga uso hurudi likiwa mvuto. Mwamba hauvumilii mvuto, kwa hiyo tabaka la juu linakatika na kuruka kama jiwe lililotupwa. Likiwa angani halina kinacholisukuma isipokuwa uzito wake. Kwenye rekodi ya akselerometa, kipima mchapuko, iliyo juu ya mlipuko hili linaonekana bila darubini: mruko mkali kwenda juu, kisha mstari unashuka hadi −1 g, mchapuko wa kuanguka huru, na kulala pale, bapa kama meza, na ghafla mwiba wa pili pale tabaka linapotua. Uso uliorushwa kwa mita 1 kwa sekunde unapanda sentimita 5 tu na kukaa angani sekunde 0.2. Muda huo ni 2v ÷ g, hakuna kingine ndani yake. Si aina ya mwamba, si umbali, si usikivu wa kifaa.

Na sauti inaibeba saini hiyo. Msukumo wa kwanza unatoa kilele, kipindi cha kuanguka huru kinatoa bonde refu, kutua kunatoa kilele cha pili. Umbali na hali ya hewa vinaweza kukipunguza kimo mara mbili au tatu, lakini pengo kati ya vilele viwili linasafiri salama kwa kilomita chache. Kutoka pengo tunapata kasi ya uso, na kasi ya uso inafuata kina kilichogawanywa kwa kipeuo cha tatu cha nguvu.

Sasa chora kwenye karatasi ya logi, kina kwa ulalo, nguvu kwa wima. Mtetemo wa ukubwa fulani unatoa mstari wenye mteremko wa 0.38. Kasi ya uso ya kiasi fulani inatoa mstari wenye mteremko wa 3, na mteremko huo hautegemei kama kipeo cha kasi ni 1.6 au 2. Mistari miwili inakatana kwa pembe ya karibu digrii 50. Huo ndio ukataji tuliokuwa tukiutafuta tangu wiki ya kwanza.

Hesabu ya makosa inatia moyo. Tukikosea pengo kwa asilimia 20, kipeo cha kasi kikiwa 1.8, kina kinasogea asilimia 12 na nguvu chini ya asilimia 5. Tungetumia kimo cha sauti kama kipimo cha kasi na hali ya hewa ikakizidisha mara mbili, kina kingekosea kwa asilimia 55. Tunasoma muda, si kimo.

Mipaka yake ni ya kweli. Katikati ya duara kunarushwa kwa kasi kuliko ukingoni, kwa hiyo kutua hakutokei wakati mmoja na kilele cha pili kimetandazwa. Tunachukua mwanzo wake, si kilele. Na mlipuko uliozikwa sana kwa uzito wake haurushi tabaka. Kwa kina kilichosawazishwa kuwa mita kwa kipeuo cha tatu cha kilotani, SPE-6, takriban tani 2.2 kwenye mita 31, ni karibu 240. SPE-5, takriban tani 5 kwenye mita 76, ni karibu 440. SPE-4' inafika 1,950. Pengo lisipoonekana tunapata kikomo tu, kwamba kina ni zaidi ya kiasi fulani. Programu inaandika kikomo hicho na haikisii namba.

Wiki ya 10: mbali, na anga

Kwa mamia ya kilomita pengo limefutika na tumebaki na kimo, kwa hiyo anga lazima liingie kwenye hesabu. Kituo cha infrasauti I45RU karibu na Ussuriysk, Urusi, kiko takriban kilomita 400 kutoka Punggye-ri. Wimbi la P linafika ndani ya dakika moja, sauti inayopinda kwenye stratosfia inafika baada ya dakika 22 hadi 24. Dirisha la kutafuta tumelifanya pana, dakika 18 hadi 28, kwa sababu kasi ya jumla hubadilika kwa tabaka iliyopitia.

Kituo kiko kaskazini mashariki mwa eneo la majaribio. Kwenye nusu ya kaskazini ya dunia upepo wa stratosfia huvuma kuelekea mashariki wakati wa baridi na kuelekea magharibi wakati wa joto. Jaribio la Februari na la Januari yana upepo mgongoni, la Mei linao usoni. Kulinganisha kimo cha sauti cha Mei na cha Februari bila modeli ya upepo ni kulinganisha misimu.

Mfano mzuri ni Februari 2013 na Januari 2016. Ukubwa wa mtetemo ulikuwa karibu sawa, 4.9 na 4.8 kwa hesabu ya shirika lilelile la mkataba. Uchambuzi uliochapishwa wa sauti zake, baada ya kuondoa athari ya anga, ulionyesha kwamba lile la 2016 lilizikwa zaidi. Mtetemo peke yake usingeweza kulisema hilo. Tunarudia hesabu hiyo kwa programu yetu, tukitumia wasifu wa upepo na jotoridi wa saa ileile.

Wiki ya 11: kuunganisha

Utafutaji wa gridi: kina mita 20 hadi 150, uzito kilo 30 hadi 6,000, hatua sawa kwenye logi. Duru ya kwanza ilitoa bonde refu lililolala kwenye mteremko wa 0.38, kana kwamba hatukuongeza sauti kabisa. Sababu ni hesabu ya wingi: rekodi za mtetemo zilikuwa makumi, za sauti nne, na kila moja ilipewa kura sawa. Rekodi za mtetemo hazijitegemei, zote zinabeba kosa lilelile la modeli ya mwamba. Sasa kila aina ya data ina mashaka yake, yaliyopimwa kwa mtawanyiko wa jozi ya SPE-2 na SPE-3, takriban tani moja kila moja, kina kilekile cha mita 46. Bonde limefupika na kuwa shimo.

Jozi hiyo ina somo lake: mlipuko wa pili ulipita kwenye mwamba uliokwisha kupasuliwa na wa kwanza. Sehemu ya mtawanyiko ni uharibifu huo, si kosa la kipimo, kwa hiyo mashaka tunayotumia ni makubwa kuliko yanayostahili. Tumeyaacha hivyo.

Kazi inayofuata ni awamu ya pili ya Nevada, milipuko minne ya 2018 na 2019 kwenye mashapo makavu. Mashapo yenye matundu hula nishati kwa kuyafunga matundu yake, na mstari wenye mteremko wa 3 utabaki na mteremko wake lakini utahama kando. Kiasi cha kuhama kinapaswa kupimwa kwanza kwenye milipuko miwili, kisha kutumika kwenye miwili iliyobaki bila kuangalia kina chake halisi hadi programu itoe jibu.